Kwenda Embu Kuuliza kwa Nini Ninaanguka Nikisali

Mmeniuliza nyote, mmoja mmoja, ni nini hasa kilitokea huko Embu, na kila aliyeuliza aliuliza huku akiitazama miguu yangu. Nimechoka kusimulia nikiwa nimesimama, na sababu mnaijua. Basi nimekaa, nimeegemea ukuta, ninawaandikia wote mara moja. Mambo ya pasi, mihuri na foleni za ofisini nimeyaruka, kwa kuwa kila mmoja wenu ana ya kwake na hakuna mwenye hamu ya kusikia ya mwenzake. Mkimaliza kusoma, karatasi hizi zinawasha moto vizuri.

Kabla ya kuondoka Githongo

Mgongo wangu uliumia nikiitumikia serikali. Nawaomba mlikumbuke hilo, maana baadaye kila mtu alilisahau. Tulipoamriwa kuchimba mtaro kuzunguka kijiji na kujenga mnara wa walinzi, walimu tulisamehewa kazi hiyo. Lakini siku hizi za Hali ya Hatari, mtu aliyesamehewa hutazamwa vibaya kuliko aliyekataa, kwa hiyo nilikwenda ili nionekane. Nilishika gogo la mnara upande ulio mzito, kwa sababu ndio uliokuwa karibu na mkuu wa walinzi. Nikasikia kitu kimelia kiunoni kama kijiti kikavu.

Kuanzia siku hiyo maumivu yalitoka kiunoni, yakapita tako la kushoto, nyuma ya paja, shavu la mguu, hadi kidole gumba, kama mtu anayevuta uzi wa moto. Kisha, baada ya majuma kadhaa, yakapungua. Nilishukuru mapema. Unyayo ulikuwa umekufa ganzi, na kukanyaga chini kulikuwa kama kukanyaga magunia ya pamba. Mchana niliyumba kidogo tu. Mahali penye giza niligonga ukuta.

Halafu ikaja sala ya asubuhi shuleni. Tulisimama, tukafumba macho, na kabla ya kufika katikati ya Baba Yetu nilikuwa chini, chali, mbele ya madarasa yote. Juma hilohilo nikaanguka tena. Jumapili nikaanguka kanisani, mara hii juu ya magoti ya mke wa mweka hazina, ambaye hajaniamkia mpaka leo.

Mnajua kinachosemwa kijijini kwetu: kwamba aliyekula kiapo cha msituni hawezi kusimama mbele ya sala, maneno yenyewe humwangusha. Nusu ya kijiji ilisema mwalimu anakunywa. Nusu ya pili ilisema mwalimu amekula kiapo. Kwa pombe ningefukuzwa kazi. Kwa kiapo ningepandishwa lori ambalo abiria wake hawarudi upesi. Nilijikuta nikiombea sifa ya ulevi, mimi ambaye sijawahi kuonja hata pombe ya muwa.

Mzee M'Rintari, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya shule, ndiye aliyetoa ushahidi. Alisema kwa utulivu, mikono juu ya fimbo yake: "Mimi nilimwona kwa haya macho yangu. Alianza kuyumba kwa 'ufalme wako uje'. Kwa 'mapenzi yako' akaenda." Kamati nzima ilitikisa kichwa. Hata mimi nilitikisa, maana ndivyo ilivyokuwa.

Nikapewa majuma mawili nilete barua ya daktari. Dresa, yaani mhudumu wa zahanati ya karibu, alikuwa amenipa vidonge vyeupe mara tatu, na mara ya nne mafuta ya kuharisha, kana kwamba mshipa wa kiuno ungetoka kwa njia hiyo. Lakini Embu, walisema, kulikuwa na daktari Mzungu anayejua migongo. Mke wangu, Karimi, alinifungia ndizi za kuchoma na viazi vitamu, akanitazama nikivuka kizingiti nikiwa nimeshika miimo ya mlango kwa mikono miwili. Akasema, "Mwalimu, huko njiani usiombe na watu."

Meru mjini hadi mtoni

Basi lilipaswa kuondoka Meru saa mbili asubuhi. Liliondoka saa tano, kwa sababu dereva alikuwa akimsubiri abiria mkubwa ambaye hatimaye alituma habari kwamba alikwisha kwenda jana. Nilikaa karibu na bucha mmoja wa Embu mjini, Athumani, mtu wa kofia nyeupe na tumbo la heshima, aliyekuwa amekuja Meru kuuza ngozi. Kabla hatujamaliza kusalimiana alikuwa ameinama akichunguza viatu vyangu.

"Kiatu cha kushoto kimeisha ncha," alisema.

Nilimwambia ni kiatu cha zamani.

"Cha kulia ni cha zamani hivyohivyo, na ncha iko. Mwalimu, mimi nanunua wanyama. Mlevi huisha kisigino, maana anaegemea nyuma. Wewe unaburura. Una jambo kiunoni."

Nilikuwa nimetazamwa na dresa, mkuu wa walinzi, kamati na kanisa zima. Wa kwanza kuona ukweli alikuwa bucha, naye aliuona ndani ya kiatu. Nilimgawia ndizi, na tangu hapo hakunyamaza mpaka Embu.

Barabara ya Meru kwenda Chuka mnaijua: inashuka kwenye kila mto kana kwamba inataka kunywa maji. Kwenye mto wa tatu au wa nne daraja lilikuwa limeharibika. Basi lilipita majini taratibu, tupu, nasi abiria tukaamriwa kuvuka kwa miguu juu ya magogo mawili yaliyolazwa. Ng'ambo walisimama walinzi wa kijiji na mikuki yao, na mkuu wao mwenye bunduki moja na koti la jeshi lililomzidi mabega. Watu walimwita Kapteni. Cheo hicho alijipa mwenyewe, kwa hiyo alikilinda sana.

Akina mama walivuka wakiwa na mizigo kichwani, wakizungumza. Mzee mmoja alivuka akiwa amebeba kuku wawili na taa. Ikafika zamu yangu. Siri ya mguu wangu ni kwamba nikiutazama unatii, nisipoutazama unapotea. Nikainamisha kichwa, nikakaza macho kwenye kiatu cha kushoto, nikaanza. Pande zote mbili za mto watu wakaanza kunishauri: "Usitazame chini, mwalimu! Tazama mbele!" Ushauri wa kila mtu, tena wa bure. Kwa adabu tu niliinua uso nikawatazama, na papo hapo mguu ukatoweka. Nikakaa juu ya gogo kwa kishindo, nikamaliza safari kwa makalio, hatua kwa hatua, huku gogo likichukua sehemu ya suruali yangu kama ushuru.

Kapteni alinipokea kwa furaha ya mtu aliyengoja jambo tangu asubuhi.

"Risasi iko wapi?" akauliza.

Nilimwambia sina bunduki.

"Siulizi ya kutoa. Nauliza ya kuingia. Mtu hatembei hivi bure. Umepigwa kiunoni, huko msituni. Vua."

Basi nikavua suruali kando ya barabara ya serikali. Wanawake waligeuka, lakini polepole sana. Kapteni alinizunguka mara mbili, akaniinamisha, akabonyeza hapa na pale kwa kitako cha bunduki, na alipofika pale penyewe nilipiga ukelele uliowarusha ndege. Akafurahi. Akatafuta tundu. Hakuna tundu. Niliona uso wake ukisinyaa kama wa mtu aliyefungua zawadi akakuta karatasi tupu.

"Basi umelewa," alisema, na akanusa kinywa changu. Akanusa tena. "Unanuka ndizi."

"Ni ndizi, Kapteni."

"Pombe ya siku hizi haina harufu," akawaeleza walinzi wake, nao wakakubali, maana ni watu wenye nidhamu. Athumani akaingilia, akamwita bwana mkubwa mara tatu katika sentensi moja, akamweleza habari za kiatu. Kapteni hakuelewa, lakini neno bwana mkubwa lilimwingia. Tukaachiwa.

Embu

Tulichelewa, kafyu ya usiku ikatukuta Runyenjes, tukalala ndani ya basi tukiwa tumekunjana. Sitawasimulia usiku huo. Mgongo wangu unaukumbuka kwa niaba yetu sote. Asubuhi yake nilifika hospitalini nikiwa nimejikunja upande mmoja, bega la kulia likienda Embu na kiuno kikibaki Runyenjes.

Daktari alikuwa Mzungu mwembamba, asiyetabasamu, anayesema Kiswahili kile cha mashambani ambacho kila neno ndani yake ni amri. Kando yake alisimama dresa wa hapo Embu, Njeru, kijana mtulivu wa miwani, aliyekuwa akitafsiri Kiswahili cha daktari kwa Kiswahili.

"Wewe lala. Mimi nyanyua mguu. Kama uma, sema."

Uliuma nikiwa bado sijasema. Kisha akachukua sindano akashika unyayo, akasema nimwambie nikisikia akichoma. Nilingoja aanze. Njeru akaniinamia, akaninong'oneza kwamba ameshachoma mara sita. Nilitazama nikaona vitone vya damu, na kwa mara ya kwanza katika mambo haya yote niliogopa kweli. Ulikuwa mguu wangu na sikuwa na habari zake.

"Sasa simama. Miguu pamoja. Funga macho. Hapana ogopa."

Nilimwambia Njeru kwamba siwezi. Nilimwambia kwamba hilo ndilo hasa lililonileta, kwamba nikifumba macho ninaanguka, na nikianguka watu husema mambo. Njeru akasimama nyuma yangu akanyoosha mikono. "Anguka tu, mwalimu," akasema. "Hapa hakuna anayesali."

Nikafumba macho. Nikahesabu moja, mbili. Nikajikuta mikononi mwa Njeru.

Daktari alisema "Ehee" kwa furaha iliyonishangaza, akaanza kuandika. Njeru ndiye aliyenieleza, akichora kwa kidole juu ya meza. Unyayo, alisema, hupeleka habari juu kila wakati: hapa pana jiwe, hapa pana mteremko, mwili umeelemea kushoto. Habari hizo hupita kwenye mshipa wa fahamu unaoingia uti wa mgongo pale kiunoni. Wangu umebanwa pale kiuno kilipolia siku ya gogo. Mguu unasema, juu hawasikii.

"Sasa macho yako yanafanya kazi mbili," alisema. "Kazi yake na kazi ya mguu. Ukiyafumba, hakuna mfanyakazi aliyebaki."

"Na sala?"

"Mungu hajakataza mtu kusali akitazama. Chagua kitu kimoja kisichotikisika. Msumari ukutani, nguzo, chochote. Kikazie macho. Kikitulia, na wewe utatulia."

Dawa nilizopewa ni vidonge, mazoezi mawili ya kulala chali, na amri ya daktari kwamba nisilale kitanda laini, nilale ubao mtupu kwa majuma sita. Nilimwahidi. Sikutaka kumwaibisha kwa kumwambia kwamba tangu kuzaliwa sijawahi kulalia kitu kingine. Lakini barua nilipata, mistari minne kwa Kiingereza kizuri, ikisema kwamba mshipa umebanwa, kwamba mguu wa kushoto hauna hisia, kwamba mwenye barua huanguka akifumba macho, na kwamba pombe haihusiki. Niliisoma mara kumi. Sijawahi kupenda maandishi ya mtu kama yale.

Embu hadi Ishiara

Hakukuwa na basi la kurudi juu kwa siku tatu. Athumani alikuwa na lori, lakini alikuwa akipitia chini, Ishiara, kununua mbuzi sokoni kisha kuwapeleka Chuka na Meru. Akasema mgonjwa wa kiuno na mbuzi hulipa nauli ileile, yaani hawaulizwi.

Kushuka Ishiara ni kushuka kwenye joto. Sisi watu wa Githongo tumezoea ukungu. Huko jua lilitusubiri juu ya kilima kama mtoza kodi. Soko lilikuwa limejaa watu wa Mbeere, mawele, asali, na vumbi la kwato. Nilikula uji wa mawele uliochachuka kidogo, na maharagwe makavu ambayo bado nadhani yalikuwa mawe yaliyobembelezwa.

Athumani hanunui mbuzi kwa kumshika tumbo kama wengine. Humwacha atembee, naye huchuchumaa nyuma akitazama kwato. Mbuzi mmoja dume, mnene, mweupe, alipita, na ukwato wa nyuma ukachora mstari mavumbini.

"Huyu hapana," alisema Athumani. "Ameumia kiuno. Atafika Meru amelala."

Mwenye mbuzi, mzee mrefu wa Kimbeere aliyekuwa na kidani cha shanga shingoni, hakukasirika. Alinitazama mimi, niliyekuwa nimesimama nikishikilia nguzo ya zizi, akashusha macho hadi kwenye kiatu changu, akatazama mstari niliouchora mavumbini tangu kwenye lori.

"Na huyu mwalimu wako," akamwuliza, "huyu ulimnunua usiku?"

Soko zima lilicheka. Nami nilicheka mpaka kiuno kikanikataza. Katika safari yote, wale ndio watu pekee walionicheka kwa sababu iliyo ya kweli. Athumani aliona haya, akamnunua yule mbuzi.

Kurudi juu

Tulipanda hadi Chuka nikiwa nyuma pamoja na mbuzi thelathini na kitu, nikimshika pembe yule dume mweupe, naye akiniegemea. Kila kona tulianguka pamoja, upande mmoja. Kule mtoni daraja lilikuwa limeshatengenezwa. Kapteni alikuwa palepale.

Nilishuka kwa moyo mkunjufu, kosa la msomi. Nilidhani karatasi itaniokoa, nikampa barua kabla hajaiomba. Aliikunjua, akaitazama kwa muda mrefu mno, akaigeuza, akaitazama nyuma ambako hakukuwa na kitu.

"Hii ni Kizungu."

Nikamwambia ndiyo, ni ya daktari, na nikamsomea yote kwa Kiswahili.

"Hayo umesema wewe. Mimi nitajuaje karatasi inasema hivyo?" Akaikunja upya, akaiweka ndani ya koti. "Barua ya Kizungu mkononi mwa mtu asiyesimama vizuri lazima Bwana D.O. wa wilaya aione. Ikiwa safi, utarudishiwa."

Nilimsihi. Nilimwambia kwamba keshokutwa ni kikao, kwamba bila barua hiyo ninafukuzwa au ninachukuliwa. Athumani alimwita bwana mkubwa mpaka sauti ikakauka. Kapteni akatusikiliza kwa upole, kisha akanieleza kama mtu anayemfundisha mwanawe: "Mwalimu, kama huna hatia, unataka barua ya nini?"

Nikapanda tena nyuma ya lori, nikamshika mbuzi wangu pembe.

Githongo, kikao

Karimi alinisikiliza, hakulia. Aliniuliza tu kama yule dresa aliniambia ukweli kuhusu msumari. Nikamwambia naamini. Akasema basi nivae kiatu cha kushoto kilekile, ili aliye na macho aone.

Kikao kilikuwa darasa la tatu, meza zimesukumwa ukutani, wajumbe saba wamekaa duara. Nililetwa katikati, mahali pasipo na kitu cha kushika. Hedimasta, mtu mwema anayeogopa kila kitu, aliniomba barua. Nikaeleza barua iko wapi. Kila mmoja aliguna kwa sauti yake. Nikaeleza habari za mshipa, za sindano, za mguu unaosema na juu hawasikii. Niliona maneno yangu yakifika kwao na kurudi kama yalivyo.

Mzee M'Rintari alisimama kwa fimbo yake.

"Hatuna ugomvi na mwalimu," alisema. "Daktari ni daktari. Lakini sisi tuna daktari wetu. Ndugu, tusimame, tufumbe macho, tuombe. Mwalimu atasimama nasi. Akisimama, amesimama."

Wote wakasimama, wakainamisha vichwa. Sala ikaanza, na sala ya M'Rintari mnaijua: hupitia uumbaji, Misri na jangwani kabla ya kufika Githongo. Mimi sikufumba. Nikatafuta msumari. Darasa la tatu halina msumari. Ramani iliyokuwa ukutani iliondolewa. Nguzo ilikuwa nyuma yangu. Mguu ukaanza kupotea, nikahisi kiuno kikienda kushoto, nikarusha macho mbele nikamatie chochote kilichotulia.

Yakatua juu ya macho ya Mzee M'Rintari, yaliyo wazi kabisa, yakiitazama miguu yangu.

Nikakamatia hapohapo. Alikuwa akiomba kwa sauti tamu, uso umeinama, na macho mawili hayakupepesa. Nilipopata utulivu kidogo nikathubutu kutazama pembeni. Hedimasta alikuwa amefungua jicho moja. Mweka hazina alichungulia kati ya vidole. Katibu alikuwa amejikunja karibu na sakafu ili aone visigino. Wajumbe sita walikuwa wakitazama. Wa saba macho yake yalikuwa yamefumbwa kwa sababu alikuwa amelala huku amesimama.

M'Rintari alikuwa amefika pale pa kuwataja wale wasioweza kusimama mbele za Bwana, na hapo akainua macho kutoka miguuni kwangu ili aone uso wangu. Tukatazamana. Neno lililokuwa mdomoni mwake lilikatika. Akaangaza upande, akamwona mweka hazina. Mweka hazina akamwona katibu. Vidole vikafungwa haraka, lakini kwa kuchelewa. Ile safari ya jangwani ikaishia njiani, akasema amina ambayo hakuna aliyeitarajia.

Tulikaa. Yule mjumbe wa saba akakoroma. Ili kunishtaki kwamba nilisali macho wazi, mtu ilimpasa kwanza aseme alivyojua.

"Mwalimu amesimama," alisema Mzee M'Rintari hatimaye, akiitazama fimbo yake.

"Amesimama," walisema wengine, na katibu akaandika.

Barua haijarudi. Nalala kwenye ubao kama zamani, nafanya mazoezi mawili ya chali, na vidole viwili vya mguu vimeanza kusikia baridi asubuhi, jambo ambalo Njeru aliniambia nilifurahie. Athumani ameniletea habari kwamba yule dume mweupe alifika Meru amesimama. Nafundisha. Na kila asubuhi, shule inapofumba macho, Mzee M'Rintari huja kusimama mbele yangu, maana bado hajaridhika; hutazama miguu yangu mpaka amina. Sijamwomba aache. Nilitafuta darasa zima kitu kisichotikisika, na sasa kinakuja chenyewe.